Apollonia wa Mlango wa Kulia

Walburga Stoll aligawa maji ya chemchemi ya mji wetu kwa miaka arobaini na mmoja, na maji yenyewe yananuka yai viza. Wageni waliokuja kutibiwa matumbo walikunja uso, yeye akawajazia glasi kwa mkono wake wa kushoto na kuwaamrisha, "Kunywa, tembea!" Ndiyo kanuni ya tiba: huketi, huegemei, unameza kidogo kidogo huku ukizunguka uwanja wa kanisa. Aliwahi kumtimua jaji mzima kwenye benchi.

Mwaka huu, kanisa likijiandaa kwa sherehe ya miaka mia mbili, ikapatikana picha yake ya zamani kuliko zote, iliyopigwa juu ya bamba la madini ya fedha. Minara miwili, milango miwili, na uwanja mtupu kama mazishi ya mchoyo. Mtu ni mmoja tu: mwanamke kwenye mlango wa kushoto, ameshika jagi.

"Huyo Apollonia," Walburga akasema. "Bibi wa bibi yangu. Mpiga picha alimwambia asitikisike, akasimama mpaka shingo ikakakamaa."

Lakini Mwalimu Ottmar, mstaafu aliyepewa kazi ya kuandika vibao vya kadi vya maonyesho ya sherehe, alikuwa ameshaandika: Mgeni wa tiba, jina halijulikani.

"Bi Walburga, mlango wa kushoto ulikuwa wa wageni. Wagawa maji walipita wa kulia. Halafu huyu kashika jagi kwa mkono wa kulia, na ukoo wenu wote mashoto."

"Na wenu wote vichwa vigumu, ila sijaandika ukutani."

Sherehe ilikuwa Jumapili. Kuanzia Jumatano Walburga alikuja kila siku kwenye ukumbi wa maonyesho na lenzi ya kusomea magazeti, akainamia picha hadi pua ikagusa kioo. Mimi nilikuwapo kupigilia misumari. Diploma ya historia ukiiachia katikati, hiyo ndiyo ajira yake.

"Mwalimu," nikauliza, "mbona saa iko mnara wa kushoto? Leo iko wa kulia."

"Ilihamishwa baada ya moto. Kila mtu anajua."

Kweli, kila mtu anajua. Hata mimi nimewahi kuwasimulia wageni moto huo, nikiongezea ng'ombe wawili walioungua.

Ijumaa Walburga aliirudisha lenzi mkobani. Kibao kilikuwa kinakauka mezani. Akaligeuzia mgongo dirisha la upande wa kanisa, akatoa kioo chake kidogo apake rangi ya mdomo kabla ya kwenda zake. Mdomo wa juu ukapakwa. Wa chini ukasahauliwa.

"Kijana, njoo. Saa iko wapi?"

Ndani ya kioo, nyuma ya bega lake, kanisa letu lilikuwa limesimama na saa yake kushoto.

Akakimbilia picha, akaielekezea kioo. Saa ikarudi kulia. Mwanamke akahamia mlango wa kulia. Jagi likaenda mkono wa kushoto.

"Picha za bamba hutoka kinyume," nikasema. Somo hilo nililihudhuria.

Mwalimu alitazama, akapangusa miwani, akatazama tena. "Basi ule moto..."

"Haukuwapo, Mwalimu," nikamwambia. "Pole."

"Na wageni je? Mchana kama huo uwanja ungejaa. Wako wapi?"

"Walikuwa wanatembea!" Walburga akapiga meza. "Kamera za wakati ule zilikawia, anayetembea hazikumdaka. Pale uwanjani nani aliruhusiwa kusimama, kama si mgawa maji? Na mgawa maji gani mwingine alikuwa shoto?"

Mwalimu akachana kibao chake. Akachukua kingine, akaandika taratibu kwa mwandiko wa ubaoni: Apollonia, mgawa maji.

Walburga alisoma mara tatu, midomo ikichezacheza, mmoja mwekundu, mmoja la. Kisha akatoka kwenda chemchemini, akarudi na glasi. Mwalimu Ottmar hajayagusa maji yale tangu utotoni, na anajisifia.

Akampa kwa mkono wa kushoto. "Kunywa."

Akanywa yote, machozi yakimlenga.

"Umesimama nini sasa? Tembea!"