Chupa Nyeupe za Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alijua kufunga tai, alijua kugawa nywele kwa mstari ulionyooka, na alijua kumwambia mteja "inua kidevu" kwa sauti ya hakimu. Kuchagua chupa hakujua. Nalisema hilo mapema ili asitokee mtu akadhani nina habari kubwa zaidi ya kusimulia. Habari yangu ni ya chupa, na ya picha moja ya mama yangu ambayo ilipaswa kuwa ukutani kwangu leo, na haipo.

Hiyo ilikuwa Korogwe, wakati wa Mwingereza, miaka ile mkonge ulipokuwa mkonge. Shemeji alikuwa na chumba cha picha si mbali na stesheni ya reli. Mbele palikuwa na kiti, pazia lililochorwa maua na kamera ya miguu mitatu, na nyuma ndiyo chumba cha giza. Mimi nilikuwa mtu mzima, nimetoka kuacha kazi ya upishi kwa meneja wa shamba la mkonge, na dada akaniambia njoo umsaidie shemeji yako, kazi zimemzidi. Wapi! Zilizomzidi ni majivuno tu.

Yule meneja alikuwa mkali, mbahili, na glasi haikumtoka mkononi, lakini alikuwa na wazimu wa kupiga picha, na chupa alizijua. Miaka minne nilimwoshea chupa zake. Dawa ya kusafishia picha ina maadui wawili, mwanga na hewa. Ikiwa nzima iko safi kama maji. Ikianza kufa inaingia unjano, na ikifika rangi ya chai ya rangi, imwage, haina kazi tena. Kwa hiyo unaitia katika chupa ya kahawia, ndogo, unaijaza mpaka shingoni, unaibana kizibo barabara. Ukitumia kidogo na nafasi ikabaki, unatumbukiza gololi za kioo mpaka dawa ipande tena shingoni. Kizibo cha dawa hii hakiendi kwenye chupa ya dawa ile. Basi, ndiyo elimu yote. Mpishi aliijua.

Sasa njoo uone kwa shemeji. Siku ya kwanza nilipoingia nilikuta rafu imewekwa dirishani, dirishani nakwambia, panapopiga jua la mchana. Imetandikwa kitambaa cha kufuma cha dada yangu, na juu ya kitambaa zimepangwa chupa kubwa nyeupe za sharbati ya waridi, zenye maua yaliyovimba kwenye kioo, alizozipata katika maduka ya Wahindi. Kila moja ina karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu. Moja imejaa nusu, nyingine robo, nusu nyingine ni hewa tupu inayokula dawa. Zikawaka pale dirishani utadhani ni duka la manukato.

"Shemeji," nikamwambia, "hizi chupa zitakuulia dawa."

"Mteja lazima aione dawa," akasema. "Akiiona anajua hapa pana ujuzi."

 Siku ya tatu nikaenda kule kwa meneja, nikaomba chupa sita za bia, zile za kahawia. Nikazisugua kwa majivu, nikazichemsha, nikazianika zikakauka. Ungeweza kumnyweshea mtoto maziwa. Nikaja nazo nimezibeba kwenye kikapu. Shemeji alipoziona alirudi nyuma hatua mbili mtu mzima yule.

"Chupa za pombe? Astaghafirullah! Haziuvuki mlango wangu huu."

"Mimi pia nasali, shemeji. Chupa yenyewe haikunywa, ilibeba tu."

"Watu wenye heshima zao wanakuja hapa kupiga picha. Waone chupa za bia, waseme nini?"

Hapo ndipo nilipomjua. Dini aliitanguliza tu, lakini kilichomshika ni macho ya watu. Mbona maji ya kuchanganyia dawa alikuwa akiyachukua katika debe la mafuta ya taa, na hakuna aliyemwuliza? Alizipenda chupa zake za maua, na angezipenda hata kama zingemlipukia usoni. Nikazirudisha zangu uani, na kila asubuhi nikawa naitazama ile dawa dirishani ikibadilika rangi, nikimcheka kimoyomoyo. Nilisema moyoni, endelea tu, bwana, siku yako inakuja.

Baada ya mvua za vuli mama akaja kutoka Misima kwa lori la Handeni. Miguu ilikuwa ikimsumbua, na dada alimwita aje aonwe na daktari wa hospitali ya Korogwe. Alikuja na kapu la mahindi mabichi, na mkononi chupa yake ya dawa. Wakati ule ukienda hospitali bila chupa ulirudishwa nyumbani, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na chupa yake, na mama aliitunza ya kwake kuliko sufuria. Ilikuwa ya kahawia iliyokolea, kioo kizito, shingo fupi, kizibo cha kusokota. Nilipoipokea ili nimshike mkono ateremke, nilicheka mwenyewe. Mama yangu, asiyejua kusoma hata herufi moja, alikuwa na chupa iliyo bora kuliko zote za fundi picha wa mji mzima.

Sasa nieleze ile picha ilikuwa na uzito gani. Baba yetu alifariki mimi sijaanza kutembea, na hakuacha picha. Sura yake siijui. Nilikuwa nikimwuliza mama, akaniambia alikuwa mrefu, basi, hapo maneno yanaisha. Kwa hiyo mimi na dada tulimwomba mama miaka mingi apigwe picha, na miaka mingi alikataa. "Nikafanye nini kwenye karatasi?" alisema. Safari hii, sijui ni ile miguu iliyomtia hofu, dada alipomwomba tena, akakubali.

"Mara moja," akasema. "Moja tu. Msije mkanizoea."

Basi tukatoka hospitali na dawa yake ndani ya chupa, tukaenda kwa shemeji. Lori la kumrudisha lilikuwa linaondoka alasiri ileile. Na hapo ndipo palipokuwa na kichekesho, kwa sababu shemeji alikuwa mkwe wake, na kwa Wazigua mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Miaka kumi na miwili ameoa, na siku zote akimwamkia anatazama mlango. Sasa atampigaje picha mtu asiyeruhusiwa kumtazama? Akaingia chini ya kile kitambaa cheusi cha kamera upesi, kabla mama hajaketi vizuri, na hakutoka tena. Mara yake ya kwanza kumwona mama mkwe wake usoni ilikuwa ndani ya kioo cha kamera, kichwa chini miguu juu. Maneno yake yote yakapitia kwangu.

"Mwambie mama ainue kidevu kidogo."

"Mama, inua kidevu."

"Mwambie mama, tafadhali, ile chupa aiweke chini. Inaharibu picha."

Chupa ile, inaharibu picha! Yaani mtu amesimama chini ya guo lake, nyuma yake dawa inaoza katika chupa za sharbati, na anaona aibu kwa chupa ya mama. Mama akaniwekea mkononi, akakaza macho mbele, akapigwa. Alikuwa amejifunga kanga mpya. Sijawahi kumwona ameketi vile, ametulia kabisa, hana haraka ya kwenda popote.

Dada akampeleka mama nyumbani akapumzike, mimi nikaenda stendi kumtafutia nafasi ya kukaa mbele kwa dereva. Niliporudi nilimkuta shemeji anateremsha chupa ya dawa kutoka dirishani kwenda nayo chumba cha giza. Nikaiona ile dawa vizuri, maana jua lilikuwa limeipiga. Ilikuwa chai. Chai ya rangi, imekolea, haina ubishi. Nilijua asubuhi alikuwa amewapiga makarani watano wa shamba la mkonge picha za vitambulisho, na walikuwa wanazisubiri kwa hamu. Nikasema moyoni, haya, leo ndiyo leo. Wacha makarani waje wamkute hana kitu. Wacha aumbuke mbele yao, labda ndiyo ataziingiza chupa zangu ndani. Nikaegemea mlango, nikakunja mikono, nikamtazama akipita na ile chupa. Nilikuwa natabasamu.

Akakaa humo ndani. Akatoka na kipande kimoja tu cha filamu, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa kitupu. Hakuna kivuli, hakuna alama, unaona mti wa barabarani upande wa pili.

"Shemeji," akasema, na sauti ya hakimu ilikuwa imekwisha, "ya mama haikutoka."

Alikuwa ameanza na ya mama. Mimi sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo. Alitaka amtolee mkwe wake kwanza kwa heshima, amwoneshe kabla lori halijaondoka, na makarani wangoje. Katika siku zote alizojifanya bwana mkubwa, siku hiyo moja alifanya jambo la adabu, na mimi nilikuwa mlangoni nimekunja mikono nikimsubiri aanguke.

Alimwaga ile dawa, akavunja paketi mpya, akachanganya nyingine. Makarani watano wakatoka wote, wazuri, akawatundika kwenye kamba kwa vibanio. Akanivuta pembeni. "Usimwambie kuwa ni dawa," akasema. "Nitaweka wapi uso wangu kwa mkwe wangu? Nakuomba, shemeji."

Siku nyingine yoyote ningemcheka mpaka nilie. Siku ile nilisema sawa. Nami nilikuwa na la kwangu la kuficha, maana mtu akijua ni dawa atauliza nani aliiona.

Mama akaingia na dada. Nikamwambia picha yake haikutoka, tupige nyingine upesi, dakika mbili tu.  Aliitazama ile kamba, akawahesabu wale makarani kwa kidole, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

"Hawa wametoka wote?"

"Wametoka, mama."

"Mimi tu."

"Wewe tu."

Akanyoosha mkono, nikampa chupa yake. "Basi, mwanangu," akasema. "Picha imenikataa. Siing'ang'anii." Akaelekea kwenye lori, na shemeji nyuma ya pazia la maua alikuwa ametazama ukuta.

Baada ya hapo nilianza kazi yangu mwenyewe ya picha Handeni. Kila nilipokwenda Misima nilikwenda na kamera, na kila nilipoitoa mama alicheka kidogo, akasema jambo lilelile, kwamba imemkataa, na kwamba kuna watu wa namna hiyo. Alilisema hata kwa majirani. Mtoto wa jirani akipigwa picha yeye alisogea pembeni asije akamharibia. Aliishi miaka tisa mingine, mzima, anatembea, anacheka, uhuru ukaja na kumkuta bado analima. Miaka tisa! Nilichotakiwa kusema ni maneno machache tu: mama, si wewe, ni dawa iliyooza katika chupa ya sharbati, na mimi niliiona nikanyamaza. Nilimdharau shemeji kwa kuogopa uso wa mkwe wake. Mimi niliogopa uso wa mama yangu mzazi, na sikusema mpaka tukamzika.

Ndugu waligawana vyombo vyake. Nikaomba chupa. Walinishangaa, wakanipa. Nimeitumia tangu siku hiyo kuwekea dawa ya kusafishia, nimetoa humo maharusi, wanafunzi, wazee wa baraza, watoto wa kipaimara na wa maulidi, wilaya nzima. Kioo chake kizito, hakipitishi mwanga, kizibo kinabana. Dawa humo haijawahi kuniharibikia hata siku moja.