Mgongo wa Mkwe

Mwaka juzi walikuja wakwe kumtazama mjukuu wangu, posa ikavunjika, na aliyeivunja ni mimi. Wanawake wa upande wa mume walikaa sebuleni kwetu, wakala, wakanywa, na mmoja akauliza kama mtoto anajua kupika. Nikamjibu kwamba anajua, lakini kama wanatafuta mpishi waende hotelini. Wakacheka, nami nikacheka. Wakaaga vizuri na hawakurudi tena. Mjukuu wangu hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa akirudi kutoka kazini Mlandege, anakouza dawa kwenye duka moja, ananiamkia, ananiuliza nimekula nini, basi. Angenisema ningelala vizuri zaidi.

Kwa hiyo mwaka huu, ilipokuja habari kwamba watu wa Kiembe Samaki wanataka kuja, mwanangu, yaani mama yake mtoto, alinikalisha akanieleza taratibu kama anavyoelezwa mtoto wa chuo cha Kurani. Mjukuu ana miaka ishirini na tisa. Kijana anampenda, na yeye anampenda kijana, ingawa hilo tulitakiwa tujifanye hatulijui. Ikiharibika na hii, mtoto atavunjika moyo kwelikweli.

"Mama, siku hiyo wewe kazi yako kukaribisha tu," aliniambia. "Usiulize, usiongeze."

Nikamuapia.

Tulipika tangu asubuhi. Sambusa, katlesi, mkate wa kumimina, visheti vimepangwa mpaka juu kama mnara. Wakwe wenyewe hatukuwahi kuwaona. Tuliambiwa tu kwamba mama wa kijana atakuja na wenziwe baada ya Alasiri. Mjukuu akavaa, akakaa jikoni, maana anayetazamwa hajileti, huletwa.

Sala ikaisha, hodi ikabishwa. Wanawake watatu: bibi mmoja rika langu, amejikunja kiunoni, na wake wawili wa wanawe wamemshika huku na huku. Wana chupa ya mafuta ya nazi na kifurushi cha pweza mkavu. Nikasema moyoni, hawa wana adabu, hawakuja mikono mitupu. Nikawapandisha ngazi polepole, nikawakalisha penye mito.

Sasa sisi mgeni hatumuulizi kilichomleta. Unamkalisha, unamlisha, akishiba atasema mwenyewe. Ukimuuliza kabla ni kama unamuonesha mlango. Na mimi juu ya ada hiyo nilikuwa na kiapo changu, kwa hiyo mdomo niliutia kufuli mbili. Hata waliposema wametoka Matemwe tangu saa nne za asubuhi, na maneno yao ya kishamba kabisa, nilinyamaza. Kiembe Samaki watu wamejenga juzi tu, kila mmoja ana kwao. Nikajiambia walikwenda shamba kuwachukua wazee.

Wakala, nami nikafurahi, maana mkwe anayekula ni mkwe aliyekubali. Yule bibi peke yake alimaliza sambusa saba. Kisha akajifuta mkono, akauliza, "Na binti mwenyewe yupo? Sifa zake zimefika mpaka kwetu."

Mwanangu akaenda kumleta. Mtoto akaingia kichwa chini, akamuamkia. Bibi akamvuta mikono yote miwili, akaigeuza, akaviminya vidole kimoja kimoja.

"Vizuri. Vina nguvu," akasema. Akamueleza kwamba mgongo umemkaza tangu mwezi uliopita, kwa kuinama kuvuna mwani, hainuki wala halali. "Nisaidie, mwanangu."

Mkwewe mmoja akatandika mkeka, wa pili akafungua chupa. Bibi akalala kifudifudi katikati ya sebule yetu.

Mwanangu akanitazama. Mjukuu akatutazama sote wawili. Mimi nikaona hawa wajanja: hawaulizi mtoto anajua nini, wanamtia kazini. Wanataka waone kama atamuuguza mkubwa wao au atakunja pua. Nikampigia nyusi: kanda.

Akakunja mikono ya gauni lake jipya akapiga magoti. Hajapata kumkanda mtu ila mimi, miguu yangu siku za baridi. Mafuta yakampanda mpaka viwikoni, yakaifunika hina yote. Bibi chini anaguna, "Hapo hapo, mama, hapo ndipo palipokaa." Mara mfupa ukalia ka. Nikadhani tumemuua mkwe kabla ya posa. Bibi akainuka peke yake, akatembea mpaka dirishani akarudi, kanyooka kama mlingoti.

Tuko hapo, hodi ya pili. Wanawake wawili wanene wanatiririka jasho, mmoja kabeba sinia lililofunikwa kitambaa. Wakaomba radhi kwa kuchelewa. Gari wameliacha Darajani, wakapotea vichochoroni. Wao ndio wa Kiembe Samaki.

Mwanangu alikaa chini pale pale. Yule bibi wa Matemwe, kwa furaha ya mgongo wake, akawakaribisha yeye. "Ingieni, msiogope. Mimi nimekuja nimekunjika, nitazameni sasa. Kati yenu mgonjwa nani?"

Hapo ndipo nilipozindukana. Ghorofa ya juu yetu yuko binti anayekanda watu, wanamjia mpaka kutoka shamba. Hawa walikomea ghorofa moja chini, kwetu.

Mama wa kijana alizitazama sahani. Visheti vimebaki vitatu na makombo. Akautazama mkeka, akamtazama mjukuu wangu anayeng'aa mafuta. Mwanangu alinitolea macho ya kunikumbusha kiapo, lakini nilijua kimya kile kikizidi, mtoto ndiye atakayelipa. Nikakivunja kiapo.

"Mama, chakula chenu kimeliwa," nikamwambia. "Hawa tuliwadhani ni nyinyi, na sikuwauliza kwa sababu mdomo wangu ulishamharibia mtoto posa ya mwanzo. Mimi ndiye niliyempigia nyusi akande. Kama mna la kuhukumu nihukumuni mie, yeye mwacheni."

Mama wa kijana alimgeukia mjukuu wangu.

"Ulidhani ni mimi, ndiyo ukakubali?"

Mtoto akainua kichwa. "Sikufikiri ni nani," akasema. "Niliona anaumwa."

Mwenziwe mwenye sinia ndiye aliyeanza kucheka, mpaka ikabidi apokewe sinia lenyewe. Mama wa kijana akaketi pembeni mwa mkeka, akachukua kisheti kimoja, akakivunja, akala. Wale wa Matemwe walipojua kosa lao waliona haya wakataka kuondoka, akawazuia yeye. Mwanangu akateleka chai nyingine, tukainywa na mikate iliyokuja kwenye sinia la wageni. Binti wa juu naye akaitwa ashuke amuone mgonjwa aliyeibiwa. Akamgusa mgongo, akasema hakuna kilichobaki.

Walipoaga, mama wa kijana alinishika mkono mimi, si mwanangu.

"Wanaume watakuja na barua ya posa Ijumaa, inshallah," akasema. "Lakini mlangoni ukae wewe, bibi. Na uulize."

Ijumaa nikakaa mlangoni na kiti changu. Walikuja tisa, na kanzu zao, na kofia zao, na mzee wao mbele. Niliwasimamisha ngazini nikawauliza mmoja mmoja katoka wapi na kaja kwa nani. Mzee alijibu wa kwanza, kwa utaratibu kabisa. Juu nilimsikia mjukuu wangu jikoni anacheka, anajaribu kujizuia, hawezi.