Mama Cheche Aisubiri Ruhusa ya Karakana ya Uani

Saa sita mchana. Fundi wa kuchomelea ameinama juu ya geti, miwani nyeusi usoni, cheche zikimrukia miguuni. Dirisha la jikoni linagongwa kwa kikombe cha bati.

"Kelele!" anafoka mama mkwe wake. "Utatutoboa masikio!"

Kila siku huwa hivyo. Mama Cheche, kama mtaa unavyomwita, huzima mashine, hunawa, huingia kula. Leo hafiki mlangoni. Kijana mwenye kitambulisho cha manispaa amesimama uani.

"Pole na kazi, dada. Natoka mipango miji. Hili ni eneo la makazi, karakana hairuhusiwi."

"Kiwanja ni chetu. Hati tunayo."

"Hati inakupa kiwanja. Haikupi ruhusa ya kukigeuza kiwanda."

Kazi hii alifundishwa na marehemu mumewe. Alipofiwa, wateja walikuja kuchukua mageti yao yakiwa nusu nusu. Aliwaambia warudi Ijumaa. Waliporudi, waliyakuta yamekamilika. Leo hata geti la zahanati limetoka mikononi mwake.

Kuhamia eneo la viwanda ni kulipa kodi itakayomeza nusu ya kipato, na kumwacha peke yake mama mkwe mwenye miguu mibovu.

Afisa si mkorofi. Njia ipo, anasema: kuomba kibali cha kubadilisha matumizi ya ua, majirani waulizwe, mwenye kiwanja aridhie. Mwenye kiwanja ni bibi wa dirishani.

"Hapo pagumu," anaongeza. "Nimemsikia mwenyewe akilalamika."

"Nilijua nimekwisha," Mama Cheche anasimulia. "Miaka tisa, hajawahi kuisifia kazi yangu hata kwa bahati mbaya."

Bibi anatoka akijikongoja, kikombe mkononi.

"Nani kalalamika, baba?"

"Shikamoo, mama. Si umesema kelele?"

"Marahaba. Nimesema, na kesho nitasema tena. Huyu usipomfokea hali! Atashinda na njaa mpaka jua lizame. Leta hiyo karatasi nitie dole gumba."

Maombi yamepelekwa, majibu bado. Mama Cheche ameshaanza kujenga ukuta wa tofali wa kuzuia sauti. Kibali kikitoka, anataka kuchukua wasichana wawili awafundishe, na kutundika kibao chake cha kwanza.

"Nitaandika jina la marehemu," anasema.

Dirisha linafunguka.

"Mwanangu apumzike," bibi anamkatiza. "Andika lako. Geti umechoma wewe. Na wewe ni binti yangu, najivunia. Haya, njoo ule."