Birsi Aliyeshika Plau

Birsi Kujur alijua kupanda, kupalilia, kuvuna, kupura na kutwanga. Kazi moja tu alikatazwa: kushika plau. Kwetu Jharkhand wanasema mwanamke akiigusa, mvua hukimbia. Avunjike mgongo kwa kupalilia, mvua haina neno naye.

Mwaka ule mumewe, Bandhan, alikuwa mbali, huko Punjab, akipandikiza mpunga wa matajiri. Mvua ilinyesha siku nne, udongo ukalainika. Birsi alikuwa na maksai wawili na gunia la mbegu za mpunga, lakini ghalani mchele wa kula ulibaki wa mwezi mmoja, na alikuwa na watoto watatu wa kulisha. Akamwendea shemeji yake, Landru, amlimie.

"Ngoja nimalize kwangu, shemeji."

"Ukimaliza kwako, kwangu patakuwa tofali."

"Basi mpigie mumeo arudi."

Alingoja siku tatu. Lisilo budi hutendwa; siku ya nne asubuhi aliwafunga maksai nira, akashika plau mwenyewe. Mistari ilipinda kama njia ya mlevi. Alilima nusu ya shamba, akamwaga nusu gunia la mbegu, na alifurahi kuliko siku yoyote tangu aolewe.

Aliyemwona ni jirani yake Pusni, mwenzake katika kikundi cha akina mama. Mabibi wa mjini walipokuja kuwafundisha kwamba mwanamke anaweza, Pusni alipiga makofi kuliko wote.

"Dada, unatuua," alisema kutoka kwenye tuta. "Mvua ikikatika, wanangu watakula hizo haki tulizofundishwa?"

"Na wangu wale nini, nikikaa na mikono kifuani?"

Mvua ilikatika siku tisa. Hukatika kila mwaka, lakini nani alitaka kukumbuka? Mbegu zilibaki kwenye vumbi, njiwa wakazimaliza. Wazee waliketi, wakaamua: Birsi achinje mbuzi wake, apike wali, alishe kijiji kizima ili mvua irudi. La sivyo, kisimani asikanyage.

"Mchele hautatosha, baba," alimwambia mkuu wa kijiji. "Kilichobaki ni mbegu."

"Kwani mbegu si mpunga, binti yangu?"

Alizitwanga zote kwa mikono yake, akichanganya na mchele wa ghalani. Kikundi kizima kilikuja kumsaidia kupika, na hakuna aliyemtazama usoni. Pusni alisukuma sahani yake mbele.

"Niongeze kidogo, dada. Wazee wasiseme sikula."

Birsi akamwongezea. Watoto wake walikula ukoko.

Siku ya tatu baada ya karamu mvua ilirudi, wazee wakatembea vifua mbele. Asubuhi yake Landru, ambaye alikula sahani mbili siku ile, alisimama uani na plau begani.

"Haya shemeji, nimemaliza kwangu. Twende nikulimie."

"Ulime," alisema Birsi, "nipande nini?"