Cherehani Iliyovuta Sigara

Kuna watu walioumbiwa safari, na kuna mimi. Hata kwenda sokoni Siakago, mwendo wa kumaliza peremende moja mdomoni, nilikuwa natafuta sababu ya kungoja kesho. Kwa hivyo dada ya mume wangu alipotuma habari kwamba kibanda chake cha samaki kule Kiambere, kando ya bwawa, kinataka mtu wa kukisimamia, na mume wangu akanitazama kama mtu aliyepata jibu la hesabu, nilikishika kiti changu kwa mikono miwili.

"Yeye hana mtu, na wewe huna kazi," akasema.

"Kazi ninayo."

"Ipi? Ya kulinda kiti?"

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukakubaliana hivi: nikipata kazi ya kushona ya maana kabla ya mwezi wa nane kuisha, nitabaki nyumbani kwangu. Nikikosa, nitaenda Kiambere kupaa magamba ya samaki na kukaa chumba kimoja na wifi anayekoroma. Kushona nilifunzwa sekondari, na mwalimu alisema nina mkono mzuri. Nilichokosa ni cherehani.

Niliipata Kibugu, juu kule kwenye baridi, safari niliyoifanya kwa shingo upande, kwa fundi mzee aliyekuwa amekata tamaa. Ilikuwa ile miaka ya tisini mitumba ilipofurika kila soko, na hakuna aliyetaka tena kushonewa suruali wakati marobota yalikuwa yakifunguliwa pale barabarani. Duka lake lilikuwa na baridi ya kuuma, ukungu wa msitu unagonga mlangoni, kwa hivyo alifunga mlango na dirisha, akashona na kuvuta, akavuta na kushona, miaka na miaka. Haya yote nilipaswa kuyatambua mara moja. Lakini siku hiyo nilikuwa na mafua, pua imeziba kabisa, nikasimama pale nikisifu rangi ya meza. Kahawia iliyokolea, inang'aa. Nikadhani ni vanishi.

Siakago si Kibugu. Jua la huku chini lilipopiga mabati adhuhuri ya kesho yake, na mafua yakawa yameniachia, ile meza ikafunguka kama kinywa. Mume wangu aliingia kutoka ofisini, akasimama mlangoni, akanusa.

"Mama, mgeni ameenda wapi?"

"Mgeni gani?"

"Huyu anayevuta sigara. Mimi sivuti, wewe huvuti. Mwambie atoke chini ya kitanda tule chakula."

Nilicheka siku hiyo. Baada ya wiki nzima ya kuulizwa habari za mgeni, kama ameamka salama na kama anapenda uji wake na sukari, sikucheka tena.

Nilianza na kichwa cha cherehani, maana chuma husafishika. Nilikifuta kwa mafuta ya taa, na kila kitambaa nilichotumia kilitoka na rangi ya chai ya rangi. Nikatia oili mpya, gurudumu likazunguka bila kulalamika, nikajipongeza. Ila sasa nyumba ilinuka sigara na taa ya koroboi. Nikaigeukia meza, nikaisugua kwa maji moto na sabuni ya unga. Mbao ikanywa maji, ikavimba pembeni kama shavu la mtu mwenye jino bovu, na harufu ikaamka upya, kali kuliko mwanzo. Nikaitoa uani ipigwe na jua. Kuku wakapanda juu yake, wakaacha walichoacha. Nikanyunyiza magadi ndani ya droo, yale tunayoyatia kwenye githeri ili mahindi na maharagwe yaive upesi. Harufu ilipungua kidogo, lakini unga uliingia kwenye mkanda wa ngozi, na kila nilipokanyaga pedali nilinyunyiziwa magoti kama andazi.

Katikati ya mateso hayo, kazi ikaja. Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu alitaka vitambaa vyeupe vya kichwa, vya kundi zima, kwa ajili ya mkutano mkubwa wa Embu. Alikuwa mke wa daktari wa mifugo, mtu wa Ukambani. Mimi ni wa Meru niliyeolewa Mbeere. Lugha zetu za nyumbani hazikukutana, basi tulisemezana kwa Kiswahili. Akaniambia, "Shona vichache kwanza, ulete nivione. Nikipendezwa, vyote ni vyako."

Vyote ni vyangu! Nilirudi nyumbani nikitembea haraka, jambo ambalo majirani walilizungumzia. Kazi hiyo ingetosha kuifunga Kiambere kabisa. Lakini mtu anawezaje kuwavika akina mama wa kanisa, tena wa kanisa ambalo mvuta sigara huombewa hadharani, vitambaa vyenye harufu ya baa?

Mama mkwe ndiye aliyekuja na dawa. Alikuwa mnusaji mkubwa wa ugoro, kwa hivyo harufu yenyewe hakuwahi kuisikia, lakini shida yangu aliielewa.

"Mwanangu, kibuyu cha maziwa kikiharibika unakiosha kwa sabuni?"

"Hapana, mama."

"Unafanya nini?"

"Nakitia kijinga cha moto."

"Sasa hii inakushinda nini? Moshi mbaya hufukuzwa na moshi mzuri. Hata shule hawakuwafunza hiyo?"

Alileta kuni za ule mti anaosafishia vibuyu vyake, tukazichoma mpaka zikawa makaa, tukaning'iniza droo juu ya moshi, tukaifukiza meza kwa chini. Nilikohoa mpaka machozi. Nilipomaliza, nilinusa meza, nikanusa droo, nikainusa mikono yangu, na sikujua kitu. Pua yangu ilikuwa imechoka kama mtu aliyelia sana. Nilimwita mume wangu anuse. Akasema mgeni amehamia zizini. Huyo naye hakuwa shahidi wa kutegemewa.

Basi nikashona vile vichache, pindo nyembamba, pembe zilizosimama sawasawa. Nikavipiga pasi, nikavipeleka.

Mwenyekiti alikuwa anachambua mchele barazani. Alipangusa mikono, akakichukua cha juu, akakikunjua, akageuza pindo. Kisha akakipeleka puani. Akafumba macho.

"Dada," akasema polepole, "hivi vitambaa vinanuka."

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitupigia kelele hadi likatuingia: mzoga wa panya hunuka, waridi hunukia. Ni katika mambo machache ya sekondari yaliyonikaa kichwani, na siku hiyo yalinikaa vizuri mno. Uso uliniwaka. Nilikipokonya kile kitambaa mkononi mwake, nikavikusanya vyote.

"Pole sana, mama. Nitavirudia."

"Sasa unavipeleka wapi?"

Sikugeuka. Nilivichovya vyote kwenye maji moto, nikavifua mpaka vidole vikachubuka. Meza nikaibebesha kwa mkokoteni hadi kwa seremala, nikamwambia atoe mbao yote, aweke mpya, na droo pia. Seremala yule alikuwa mtu wa kesho. Nilikwenda kwake kila siku, mimi nisiyetoka, nikakaa juu ya magogo yake nikimtazama akitafuta penseli iliyokuwa sikioni mwake. Alipomaliza, mkutano wa Embu ulikuwa umekaribia mno, na mwezi wa nane ulikuwa unaisha. Nilishona vingine vipya juu ya mbao isiyokuwa na historia, nikakimbia navyo.

Mwenyekiti alivipokea kwa mshangao. Akanusa kimoja. Akanusa cha pili.

"Hivi havinuki," akasema.

"Ndiyo, mama. Nimebadilisha meza."

"Kwa nini? Vile vya kwanza vilinuka vizuri sana. Kama kibuyu cha kwa mama yangu. Nilitaka kukwambia ushone vyote hivyohivyo, na wewe ukanipokonya ukaenda mbio. Nikangoja, hukurudi, nikajua umekataa kazi."

"Sijakataa."

"Sasa mimi ningejuaje, dada? Nilimpa fundi wa pale sokoni. Amemaliza jana."

Alivinunua vile vichache, kwa huruma, na akanipa chai. Sikumbuki kama ilikuwa na maziwa.

Jioni mume wangu alinikuta nimekaa kando ya cherehani yangu, safi, isiyo na harufu ya chochote duniani. Nikamweleza.

"Alisema vinanuka," nikamaliza.

"Vinanuka nini?"

"Sikumwuliza."

Nilitarajia anicheke. Ningependa anicheke. Alivaa viatu tena, akatoka kwenda kumwuliza jirani lori la samaki hurudi Kiambere siku gani.

Hurudi Alhamisi.