Mzazi wa Filister

Asubuhi ya mwisho ya kawaida ilikuwa Alhamisi. Filister alinichemshia chai, akanyoosha shati langu la kanisa kwa pasi ya makaa, kisha akasimama mlangoni kunitazama nikinyoa ndevu.

"Jaduong', mzee wangu, nyoa vizuri," akasema. "Leo wewe ni mzazi."

"Mzazi wa nani?"

"Wangu. Ukiulizwa, sema nimekuwa mtoto mgumu tangu utotoni."

Tulicheka. Halafu tukashuka barabarani pale Magunga, tukapanda gari la Homa Bay. Jumapili hiyo Filister, mke wangu, alikufa. Alikuwa anaanika mihogo, akasema kichwa kinamgonga, akaketi, hakuinuka tena. Presha. Alikuwa na miaka sitini na tatu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Watu wa hapa wanasema kilichomuua ni nduru aliyopiga chuoni, kwamba ilimrudia. Waseme. Mimi sikwenda shule, kuandika nilijifunza ngumbaru, darasa la watu wazima. Lakini nilikuwepo. Wao hawakuwepo.

Filister alizaliwa Asumbi, karibu na misheni. Nilimwita nyar Asumbi, binti wa Asumbi, hadi mwisho. Shule aliiacha kidato cha pili, baba yake alipofariki. Akaolewa hapa, akazaa Obare na Liz, akauza mitumba soko kwa soko, marobota akiyafuata Migori mjini. Watoto walipoondoka nyumbani, akatoa vitabu. Akafanya mtihani wa kidato cha nne chumba kimoja na watoto wa umri wa wajukuu wake. Akapita.

Obare anachimba dhahabu Macalder. Alipiga simu.

"Mama, unasoma uende wapi?"

"Na wewe unachimba uende wapi?"

Obare akacheka, akakata simu.

Filister akaingia chuo Homa Bay, diploma ya maendeleo ya jamii. Chuo chenyewe sikitaji jina. Hakistahili.

Siku za wiki alilala bwenini. Ijumaa alirudi, akavua viatu, akaanza kunisimulia. Mimi redio nilikuwa nazima. Alikuwa amefikiri anaenda kukaa na watu wenye akili. Wiki ya kwanza alirudi amevunjika moyo. Wiki ya pili alirudi ameanza kufurahi.

"Kuna kijana anakaa mbele yangu," alisema. "Mwalimu akitoa kazi, yeye anaiuliza simu. Simu inaandika, yeye anapeleka. Hata kuisoma haisomi. Mtu analipa karo ili simu yake ipate diploma."

"Na mwalimu?"

"Mwalimu naye anasahihisha na simu. Simu mbili zinafundishana, Jaduong'. Sisi wengine tumekaa hapo katikati kama wageni wa harusi."

Wasichana wa bwenini walimwita Dani, yaani nyanya. Lynnet, aliyelala kitanda cha juu yake, ndiye aliyempenda zaidi. Filister alisema Lynnet ana akili, ila anaificha, maana pale akili inachekwa kuliko kiatu kilichotoboka.

Mwaka ule vijana walipojaza barabara za miji kukataa kodi, Filister aliwasifu. Alikaa na simu ya Liz akiwatazama, akasema, "Hawa hawana kiongozi wa kununuliwa. Labda wameamka." Akaingia chuo na wazo hilo. Halafu chuo kikafanya uchaguzi. Wale wale waliobeba mabango kwamba viongozi ni wezi walipiga foleni, wakapokea nusu mkate na soda, wakamchagua Byron kiongozi wa wanafunzi.

Byron ni mtoto wa miaka ishirini na mbili. Anavaa miwani nyeusi ndani ya nyumba. Anatembea na vijana wawili, mmoja wa kumshikia simu, sijui mwingine ni wa nini. Anataka aitwe Mheshimiwa. Wote walimwita hivyo, hata walimu. Filister alimwita "wewe mtoto".

"Hawachukii wezi," aliniambia Ijumaa ya wiki ya uchaguzi. "Wanachukia kwamba zamu yao bado."

Redio ilikuwa imewaka siku hiyo, ikatangaza kiongozi fulani amekata utepe kwenye kisima. Filister akauliza, "Tena?" Kisima chenyewe kiko njiani kwenda Homa Bay, tulikipita kila mara. Kimekatiwa utepe mara nyingi kuliko kilivyotoa ndoo. Tukazima redio.

Sasa nije kwenye bomba.

Bwenini kwao kulikuwa na bomba moja nje. Lilikauka mwanzo wa muhula, likabaki hivyo. Wasichana walinunua maji ya mikokoteni au walikwenda darasani bila kuoga. Upande wa pili wa ua, mkabala na bomba, kuna nyumba ya mkuu wa chuo, Dakta Joash. Yeye alikuwa na tangi lake juu ya nguzo. Likijaa lilimwagika ukutani, hata ukuta ukaota majani ya kijani. Wasichana waliyatazama majani hayo wakipita na madumu matupu.

Walimlalamikia Byron. Byron akatangaza maandamano Jumatatu. Jumatatu wakajikusanya na matawi. Byron hayupo. Lynnet alichungulia dirisha la ofisi akamwona ameketi na Dakta, wanakunywa soda. Alipotoka alipanguza mdomo, akawaambia mazungumzo yanaendelea, wanafunzi wawe watulivu. Wakawa watulivu. Wakarudi kwenye simu zao.

Kesho yake alfajiri Filister alichukua dumu lake, akaenda kwenye bomba, akafungua. Hakuna. Akaweka dumu chini. Akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga kiunoni. Akaweka mikono kichwani. Akapiga nduru.

Kwetu nduru ni ya mfu. Ikilia alfajiri mbele ya nyumba ya mtu, jirani haulizi kama amekufa. Anauliza amekufa saa ngapi.

"Bomba wangu!" akalia. "Bomba wa chuo! Umeondoka bila kutuaga! Ulikuwa unatoa kidogo, lakini ulitoa! Watoto hawa wachafu umewaachia nani?"

Lynnet alitoka mbio akidhani Dani ameumwa na nyoka. Alipoelewa, alicheka hadi akakaa chini. Kisha naye akaweka mikono kichwani. Wasichana wakatoka mmoja mmoja, wengine na miswaki mdomoni, wakalia. Filister alisema walilia vizuri ajabu kwa watu ambao hawajawahi kukubaliana jambo lolote.

Mama wauza mboga wa nje ya geti wakasikia. Wakatazama sauti inatoka wapi. Inatoka mlangoni kwa mkuu. Wakaingia wakilia pia, wakijirusha, mlinzi akafungua geti lote na kuvua kofia. Mtu wa pikipiki akapeleka habari mjini. Kabla jua halijapanda vizuri, pikapu ya viti na hema ilikuwa imefika, mwenyewe akiuliza nani anashughulikia mazishi.

Dakta Joash akafungua mlango, amevaa singlendi, kujua kelele ni za nini. Mama mmoja alimwona, akatupa sukumawiki zake, akakimbia.

Haya alinisimulia Filister, na Lynnet akanisimulia tena siku ya maziko. Hawakupishana.

Jumatano simu ililia. Mwanamke. Akasema ni Mourine, anasimamia nidhamu ya wanafunzi.

"Filister ana kesi kesho. Wewe ni nani wake?"

"Mume."

"Tunahitaji mzazi au mlezi. Ndiyo sheria, mwanafunzi wa kesi anakuja na mzazi."

"Baba yake yuko kaburini Asumbi. Nimlete?"

"Basi njoo wewe, mzee." Jioni hiyo Filister mwenyewe alifika nyumbani, ili asubuhi tuende pamoja.

Hivyo ndivyo nilivyoingia chuo kwa mara ya kwanza maishani, nikiwa mzazi wa mke wangu.

Tuliketi nje kwenye benchi, tukingoja kuitwa. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, ameukaza. Aliogopa. Watu wanaomcheka sasa hawajui hilo. Chuo kile kibovu alikipenda. Alikuwa amekingoja tangu msichana, na wangeweza kumfukuza siku ile ile.

Ndani kulikuwa na meza ndefu na watu watano. Kila mmoja alikuwa na chupa ya maji mbele yake. Niliziangalia chupa hizo. Filister naye aliziangalia. Wao hawakuona tunaangalia nini. Byron alikuwa mmoja wa wale watano, na miwani yake, anawakilisha wanafunzi.

Wakaanza kwa Kiingereza. Filister akainua mkono.

"Mzazi wangu hana Kiingereza."

Mourine akapumua, akahamia Kiswahili. Akasema Filister alivuruga amani, alichochea, aliaibisha taasisi. Maneno makubwa, yote ya kukariri. Kisha akamtazama Dakta Joash, na Dakta akatazama meza.

"Mimi," akasema Dakta, "tangu siku hiyo sijalala nyumba ile. Mama yangu kijijini alipigiwa simu kwamba nimekufa. Mpaka leo hataki kuongea na mimi, anasema sauti ni yangu lakini hana uhakika. Mke wangu amerudi kwao. Mtu hapigiwi nduru akiwa hai halafu mambo yaishe hivyo hivyo."

"Kwa hiyo?" nikauliza.

Mourine akajibu badala yake. "Kwa hiyo Jumatatu Filister aombe msamaha mbele ya wanafunzi wote. Na alete kondoo. Kutakuwa na mzee wa kutakasa nyumba ya mkuu. Akikataa, hana nafasi hapa."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Kondoo?"

"Dume," akasema Byron. "Asiye na doa."

"Wewe mtoto," Filister akamwuliza, "bomba limetoa maji?"

"Mazungumzo yanaendelea."

Mourine akanigeukia. "Mzazi, una la kusema?"

"Swali moja. Huyu ni dakta wa nini?"

"Wa kemia," akasema Dakta Joash mwenyewe, kwa sauti ndogo.

"Na kondoo anaingilia wapi kwenye kemia?"

Mmoja wao akafungua chupa yake, akanywa. Mimi nina mizimu yangu na nina kanisa langu, na sioni haya kwa chochote kati ya hivyo viwili. Lakini sijawahi kumwambia mtoto wa mtu alipe karo nimfundishe kwamba mambo hayo ni giza, halafu giza likinijia niombe kondoo kwake.

"Mzee, mshauri mtoto wako," Mourine akasema. Akashtuka. "Mke wako."

Nikamgeukia. "Nyar Asumbi. Umesikia. Wanataka kondoo na msamaha, au utoke."

"Nimesikia, Jaduong'."

Akasimama. Alichosema nitakiweka mwisho. Yaliyofuata ni machache, niyamalize.

Walimsikia, hawakuamua lolote. Walisema watakutana tena. Tulirudi nyumbani. Ijumaa alifua sare yake ya mafunzo ya nje. Jumamosi alisoma. Jumapili nimeshasema.

Dakta Joash hakuja maziko. Aliogopa kusikia nduru nyingine, labda. Byron alikuja na vijana wake wawili, akaomba kipaza sauti aongee kwa niaba ya wanafunzi. Obare alimwambia kipaza sauti kimeharibika. Kilikuwa kinafanya kazi, watu wote walikisikia. Byron akasubiri kidogo, akapiga picha kaburini, akaondoka. Lynnet na wasichana wa bweni walikaa mpaka mwisho, wakaosha vyombo.

Wiki iliyofuata Mourine alipiga simu. Akasema kamati imekaa tena, imemsamehe Filister.

"Mlikaa kabla ya kusikia amekufa, au baada?"

Simu ikakatika. Mtandao, nadhani.

Nasikia wameleta kondoo wao wenyewe. Nasikia pia bomba bado. Na hapa Magunga watu wananiambia kwa huruma kwamba mke wangu alijiletea, kwamba angeomba msamaha angekuwa hai, kwamba shule kwa mwanamke wa umri ule ilikuwa kiburi tu. Wanasema wakiwa wanakunywa chai yangu. Sibishani nao. Wakimaliza nawaambia tu alichosema mle ndani, akiwa amesimama, mkoba mkononi, sauti haijapanda hata kidogo:

"Dakta, mimi nimelia matanga mengi, sijawahi kumlilia mtu aliye hai. Nililia bomba, na nililitaja. Kama ulisikia kuna kitu kimekufa hapa chuoni ukajua ni wewe, si mimi niliyekuambia. Kondoo sina, msamaha sina. Jumatatu nina somo saa mbili. Mkitaka kunifukuza, mtanikuta darasani."