Maharage Aliyoyamwaga Mwatumu

Kibanda cha Mwatumu pale Makuyuni kilisifika kwa maharage ya nazi. Mafundi pikipiki na wauza mahindi walikula kwake mchana, na hakuna aliyewahi kulalamika. Mumewe, Mhina, alilima nyanya, na dawa ya kunyunyizia aliifungia stoo, nyuma ya nyumba.

Msimu mmoja zilifika habari kwamba familia fulani ya kijiji cha pili imelazwa baada ya kula mboga iliyoingiwa na dawa ya shamba. Walipona. Watu walizungumza, wakasahau. Mwatumu hakusahau. Asubuhi moja, akikoroga maharage, likamjia wazo: huenda mkono wangu umegusa dawa, huenda nimewatilia watu sumu. Alijua hajaingia stoo. Hata hivyo moyo ulimwenda mbio, akaipua sufuria, akamwaga maharage yote shimoni na kuanza kupika upya.

Kumwaga kukawa desturi. Akinawa, anaitilia shaka sabuni. Akisugua sufuria, anakitilia shaka kitambaa. Mhina aliona tatizo ni dawa, akaihamishia kwa kaka yake. Shaka nayo ikahamia kwenye nguo za Mhina, kisha kwenye viganja vyake.

"Una hakika hukushika mwiko?"

"Sikushika."

"Apa."

Anaapa, Mwatumu anatulia, na kabla maji hayajachemka anauliza tena. Ngozi ya mikono yake ikapasuka kwa sabuni. Wateja wakachoka kusubiri, wakahamia kwa wengine. Mwisho kibanda kikafungwa.

Wifi yake, Zuena, alisema biashara imerogwa, akampeleka kwa mganga upande wa Handeni. Walirudi na hirizi. Mwatumu hakuweza kuivaa; hakujua ndani imetiwa nini. Imamu naye alimwambia, "Mwanangu, huo ni wasiwasi. Ukishaosha, umeosha." Alifarijika mpaka nusu ya njia, ndipo akawaza: labda sikumweleza vizuri. Akarudi kumweleza upya. Aliporudi tena na tena, imamu alimwita Mhina pembeni. "Huyu amwone daktari," alisema. "Mimi nikimjibu namwongezea wasiwasi."

Hospitalini Korogwe walimkuta muuguzi wa afya ya akili, Edna, mwanamke mpole asiye na haraka.

"Unataka kuwadhuru watu?" aliuliza.

"La! Hicho ndicho ninachokiogopa kuliko kifo."

"Nimekuelewa. Wazo baya humpitia kila mtu. Kwako linakwama, na huo ni ugonjwa, si uchawi wala dhambi. Kila ukinawa au ukimwaga, ni kama unamrushia dagaa paka aliyekaa mlangoni. Atakosaje kurudi?"

Daktari alimwandikia vidonge, akamwonya kwamba nafuu itachukua wiki kadhaa. Kazi nyingine aliipanga Edna. Dawa ya nyanya irudishwe stoo, ifungwe kama kwa mkulima yeyote. Mwatumu aushike mlango wa stoo, anawe kwa sabuni mara moja tu, apike, wala asimwage. Mhina naye asiape tena.

Hilo la mwisho ndilo lililomwia Mhina gumu. Siku ya kwanza Mwatumu alipika huku analia.

"Niambie tu kwamba ni salama."

"Edna kanikataza."

"Mume gani wewe!"

Mhina alikaa naye jikoni. Hofu ilipanda, ikakaa, kisha ikashuka yenyewe, taratibu, kama homa. Walikula yale maharage yakiwa yamepoa. Siku nyingine Mwatumu alishindwa, akamwaga, akaona aibu kwenda kliniki. Alikwenda. Edna hakumgombeza; walianza na zoezi jepesi zaidi.

Kibanda kilifunguliwa tena wakati wa mavuno ya mahindi. Haukupita muda, fundi pikipiki aitwaye Yordani akaja ameshika tumbo.

"Mama, tangu jana tumbo linanisokota."

Mwatumu aliganda na upawa mkononi. Sufuria ilikuwa imejaa, na shimo lilikuwa nyuma tu ya kibanda. Swali lilimfika mdomoni: ulikula kwangu au kwingine? Alilimeza.

"Pole," alisema. "Nenda zahanati wakakuangalie."

Kisha akampakulia mteja aliyefuata. Mchuzi kidogo ukamwagikia meza. Jioni hakumwambia Mhina mpaka walipomaliza kula, na alipomwambia hakumwomba amhakikishie chochote. Yordani alirudi baada ya siku chache, mzima, akaagiza ugali. Mwatumu hakupata kujua alikuwa anaumwa nini.

Vidonge bado anameza, na kliniki anakwenda kwa miadi. Zipo asubuhi ambazo husimama mbele ya sufuria kwa muda mrefu, na wanaomfahamu humsubiri. Zuena bado anaamini walirogwa, ila siku za gulio huja kumsaidia kukuna nazi.